Jina Nyuma ya Lambri ya Mama Feza

Niko na miaka makumi tatu na sita na nimeingia retrete, nimestaafu kama muzee. Chekeni tu. Musipocheka sasa mutacheka nyuma ya mugongo wangu, na ile njo sipendi. Daktari aliniambia nivute pumzi, akasikiliza mugongo muda murefu, kisha akauliza: "Unafanya kazi gani?" Nikasema, seremala. Akasema: "Ulikuwa."

Basi, nilikuwa. Ninaandika hii kwa ninyi mwenye munabaki mu atelye, mu karakana yetu, na kwa wale watakuja nyuma yenu. Sitasema nani alikuwa mukubwa wa atelye mwaka gani, wala nani alipata nini mwisho wa mwezi. Ile maneno inagombanisha watu na haisaidii mukono. Nitasema vitu nilishika, vitu nilikosea, na muntu mwenye alinifundisha. Ufundi sikuusoma mu shule hata siku moja. Nilijifunza kwa kufungua vitu vya watu bila ruhusa.

Kitu cha kwanza kilikuwa kabati ya baba yangu, kule Kabalo. Baba alikuwa muntu wa rail, wa treni, alikuwa anakwenda safari siku tatu, ine. Nilitaka kujua namna mbao mbili zinashikana bila musumari. Aliporudi alikuta kabati yake iko chini, vipande vipande, nimevipanga kama samaki ku soko. Sikukimbia. Nilirudisha vyote mbele ya macho yake, lakini mulango moja ukabaki unafungukia ku ukuta. Miaka yote mama alikuwa anaingiza mukono pembeni kutafuta sukari. Ile njo diploma yangu.

Nilifika Kalemie na treni, nikiwa na nyundo moja na hasira mingi. Waliniambia niende kwa Papa Kalenga, muzee mwenye alikuwa fundi wa wago za treni zamani, kisha akafungua atelye yake. Hakuniuliza ninajua nini. Alinipa ubao.

"Nusa."

"Ninuse nini, Papa?"

"Nimesema nusa. Sijasema uliza."

Nikanusa. Nikamuambia, iko na harufu ya mbao. Akasema: "Toka." Nilitoka moyo unawaka, nikatembea mupaka ku bandari, nikiwatukana wazee wote wa Kalemie kimya kimya. Pale bandarini nikafikiri: muntu hawezi kukuambia unuse ubao kama hakuna kitu. Iko ananificha kitu. Nikarudi, nikakamata ule ubao bila kusalimia, nikanusa tena pole pole.

"Iko na harufu ya udongo," nikasema.

"Aah. Sasa umekuja."

Akapiga ule ubao ku goti yake, ukavunjika kama biskuti. Ndani muchwa walisha kula wakaacha ngozi tu. Kisha akanifunga tabliye yake mwenyewe, ile nguo ya kazi ya kufunga mbele, akawaambia wengine: "Huyu Trezo iko wangu. Mwenye atamutukana, amenitukana mimi." Mimi sikuwa na ndugu mu muji ule. Hata leo, muntu akisema jina ya Papa Kalenga na sauti yenye sipendi, mukono unaanza kutafuta nyundo. Munanijua.

Kazi ya kwanza alinipa ilikuwa kuwa na mashaka. Kila mbao iko inasema uongo, alikuwa anasema, mupaka uipekue. Na mbao yenye inasema uongo kupita zote iko lambri. Kwa mwenye hajui: lambri ni mbao zenye zinapigwa ku ukuta, kuanzia chini mupaka kiunoni, ao mupaka ku bega. Nyumba za kule juu ku kilima, zenye zilijengewa watu wa rail na wa bandari, ziko nazo mu salon na mu jikoni. Muntu akiwa na lambri, watu walikuwa wanasema huyu iko ajan, mufanyakazi wa rail. Basi na watu wa chini, karibu na ziwa, wakaanza kuiga. Na mayi, maji ya kule chini, haiigi muntu. Inapanda tu.

Alinifundisha kugonga. Unagonga na mufupa wa kidole, hapana na nyundo, kuanzia ku mulango ukizunguka. Ubao muzima unaita. Ubao wenye maji nyuma unanyamaza. Kisha rayo. Rayo ni ule waya wa chuma wa gurudumu ya kinga, ya baisikeli. Unauchonga ncha, unapenyeza kati ya mbao mbili, unazungusha, unatoa, unaangalia ncha, unanusa. Ikitoka na vumbi kavu, unaweza kupaka rangi. Ikitoka na tope, haukuitwa kupaka, hata kama mwenye nyumba alikuita kupaka. Rayo yangu niliipata Manono, mwaka moja wenye nilikwenda kule kufanya milango. Kule kinga ziko mingi kuliko watu. Ningali nayo. Sitampa muntu.

Na kitu cha tatu: jina. Mafundi wa wago walikuwa na desturi. Ukimaliza kupiga mbao, ubao wa mwisho, mbele ya kuufunga, unaugeuza, unaandika nyuma yake jina yako na mwezi na mwaka, na kalamu ya seremala. Mwenye nyumba haoni. Ataona fundi mwenye atakuja nyuma yako. Mimi nilifikiri iko majivuno ya wazee, lakini nilipenda majivuno yao, basi na mimi nikaandika.

Nyuma ya lambri za watu nimekuta vitu. Nimekuta paka mwenye alizaa. Nimekuta waya wa umeme ulio uchi, umelala juu ya ubao kama nyoka, na watu wa ile nyumba wanaegemea pale kila mangaribi. Mara moja, kule kilimani, nilikuta buletini, karatasi ya alama za shule, ya mutoto mwenye alipata mbili ku makumi mbili mu hesabu, akaificha. Yule mutoto leo iko mukubwa wa biro, wa ofisi moja. Nilimupelekea. Hakunishukuru sana.

Sasa tufike ku jikoni ya Mama Feza, juu ile njo sababu nilikamata karatasi niandike.

Mama Feza munamujua, mama wa kule chini karibu na ziwa, mwenye anapikia watu wa bandari. Bukari, ule ugali wetu, samaki ya mikebuka ya kukaanga, ndagala, sombe ya majani ya muhogo. Ile jikoni njo shamba yake. Bwana yake alikufa, jikoni ikalea watoto. Kuta zote ziko na lambri ya libuyu, muti mwekundu muzito, lakini miaka ya moshi na mafuta ya ngazi, ya mawese, ilikuwa imeifanya nyeusi kama chini ya sufuria. Mutoto wake mwanamuke, Riziki, alikuwa anangoja kuolewa. Na mashangazi ya kijana mwenye atamuoa walikuwa wanakuja kuangalia, siku kumi na mbili mbele. Na ninyi munajua desturi: wanaume wanaketi mu salon na kusema maneno ya maana, lakini mashangazi wanaingia jikoni, na jikoni njo wanakatia neno.

"Fundi," Mama Feza akaniambia, "mimi sitaki maneno mingi. Paka rangi ao toa. Moja."

"Toa," Riziki akasema. "Toa, weka karo, vigae nyeupe vya ukuta. Watu wakiingia hapa wanafikiri tunapikia mu wago ya mizigo."

"Mu ile wago njo ulikulia, na shavu yako iko hivi."

"Mama, mimi sisemi juu ya shavu."

"Nani mwingine alikuja kuangalia?" nikauliza. Mimi ninauliza ile kila mara, mbele ya kitu yote.

"Zozo alikuja jana. Alisema toa yote, yote, bila kubakisha hata ubao moja."

Zozo iko mupakaji wa rangi na mupigaji wa karo. Nilisikia damu inapanda. Muntu wa karo akisema toa mbao, iko anaongea na tumbo yake. Nikauliza: "Na zile mbao atazipeleka wapi?"

"Alisema atanisaidia kuzitupa."

"Kutupa libuyu? Mama, muntu anatupa libuyu? Anataka milango mbili ya bure, yule."

Mama Feza akanigeukia kama muntu mwenye amefunguliwa macho. Nilijisikia mukubwa sana. Kisha nikaanza kugonga.

Upande wa mbabula, kwenye moto unawaka kila siku, mbao ziliita vizuri. Niligonga nikizunguka, zinaita, zinaita, mupaka ku kona ya pipa ya mayi. Pale zikanyamaza. Mbao ine, tano, sita. Nikapenyeza rayo. Ikatoka na tope. Nikanusa. Udongo.

Nikatoa ubao wa mwisho, ule wa kona. Nyuma yake hakukuwa lati. Lati ni vijiti vya mbao vyenye unapiga kwanza ku ukuta, kisha lambri inalala juu ya lati, hewa inapita nyuma, ukuta unapumua. Hapa muntu alipiga lambri moja kwa moja ku ukuta, kama muntu anabandika stampu. Na ukuta nyuma ulikuwa laini. Kidole kiliingia.

Sasa, ninyi mulisha kuniona nikikasirika. Nilisimama pale na ule ubao ku mukono nikamutukana yule fundi. Nilisema huyu hakuwa fundi, alikuwa muchinja kuku. Nilisema mama yake angejua angemurudisha. Nilisema watu kama huyu njo wanafanya seremala wote waonekane wezi. Riziki alikuwa anacheka, Mama Feza alikuwa anasema "ni kweli, ni kweli." Kisha nikageuza ubao.

Nyuma, kalamu ya seremala, herufi kubwa, ile K yenye mukia murefu yenye naijua kuliko uso wangu. Kalenga. Na mwezi, na mwaka. Ulikuwa ule mwaka nilikuwa Manono.

"Iko nini?" Riziki akauliza.

"Hakuna kitu. Uchafu."

Munajua nilifikiri nini kwanza? Nilifikiri Zozo njo aliandika. Ninawaambia ukweli. Nilisimama pale nikijiuliza Zozo aliingia hapa saa ngapi, alipata kalamu wapi, alijifunza lini ile K. Muntu akiwa hataki kuona kitu, anakuwa na akili sana. Lakini ubao ule ulikuwa haujafunguliwa hata siku moja, misumari yake ilikuwa na kutu ya zamani. Nilijua.

Nikarudisha ubao. Nikapiga misumari mipya mu matundu yale yale, pole pole, ili nisiupasue.

"Tutapaka rangi," nikasema. "Mbao ziko nzuri."

Namna nilipaka, kama kazi, hamuwezi kunikosoa. Mbao zenye mafuta usizipake hivi hivi, rangi itateleza. Nilizisugua na mayi ya moto na sabuni na majivu, mara mbili, nikazifuta na kitambaa mupaka kikatoka safi. Nikaacha siku mbili zikauke na mulango wazi. Nikapiga musasa, mukubwa kisha mudogo, siku zote kufuata nyuzi za muti, hapana kuzikata. Nikajaza matundu na mastiki. Nikapaka mukono wa kwanza mwembamba, nikapiga musasa tena, kisha mikono mbili ya rangi ya mafuta. Kijani. Mama Feza alichagua kijani ya majani ya muhogo, akasema mikebuka itaonekana vizuri pale mbele. Ilikuwa rangi nzuri. Na rangi ya mafuta inafunga ubao kama chupa: mayi yenye iko nyuma haina tena njia ya kutoka. Ile nilikuwa naijua. Nilikuwa naijua nikiwa na brosi ku mukono.

Mashangazi wakaja, wakasifu. Riziki aliniambia kwamba moja wao, yule munene mwenye hakusema mingi, aliweka mukono ku ukuta wa kona, akasema: "Hii iko baridi kama tumbo ya samaki." Lakini wengine walisha kuanza kula, na neno likakatwa vizuri. Riziki akaolewa. Mama Feza akawa ananiita mutoto wake. Kila juma nilikuwa ninapita pale kula, na ananiwekea kichwa ya mukebuka, na mimi ninakula.

Kisha mvua. Na ziwa, munakumbuka, ile miaka lilikuwa linapanda tu, mupaka watu wa chini wakawa wanahesabu ngazi zenye zingali kavu. Rangi ya kona ikaanza kuvimba malengelenge. Nikamuambia Mama Feza: "Rangi iko inakauka." Ikaanza madoa meusi. Nikamuambia: "Ni moshi." Jikoni ikashika harufu ya nguo yenye umesahau mu ndoo. Watu wa bandari ni watu wa kusema, moja akauliza kama ndagala za Mama Feza ziko zinakaukia chini ya kitanda ya mugonjwa. Wengine wakaanza kula kwingine. Na yeye akaanza kukohoa.

Mimi nilifanya nini? Nilimutafuta Zozo. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba anapita nyuma ya ile nyumba na kumwanga mayi ku ukuta, juu ya wivu. Nilimukuta ku bandari, mbele ya watu, saa ine asubuhi.

"Wewe njo unamwanga mayi kwa Mama Feza."

Zozo aliniangalia kama muntu anaangalia kinga yenye haina gurudumu. "Mimi? Nibebe ndoo, nipande, nishuke, nimwangie ukuta wa mama ya watu? Trezo, mimi hata kwangu mayi ninatumwa na bibi yangu ndipo ninakwenda."

"Ulitaka zile mbao."

"Ndiyo, nilitaka zile mbao. Iko libuyu, nani hataki? Lakini nilisema toa juu ukuta umeoza. Nilisema ile mbele ya Mama Feza. Muulize. Wewe ulisikia 'mbao' tu, neno 'ukuta' halikuingia."

Watu walicheka. Nilimuambia maneno yenye sitaandika hapa. Lakini nikaenda kumuuliza Mama Feza, na ni kweli, Zozo alisema ukuta. Mama Feza hakuniambia, juu mimi nilikuwa nimesha kumuonyesha kwamba Zozo iko mwizi. Basi Zozo alikuwa anataka mbao na alikuwa anasema kweli, vyote viwili siku moja. Ile iliniuma kuliko matusi. Nilikuwa napenda muntu akiwa mwizi awe mwizi mupaka mwisho.

Papa Kalenga wakati ule macho yalisha kwisha. Alikuwa anaketi ku mulango wa atelye, munamuletea mbao, anaipapasa na kidole, anasema ni nini na inatoka wapi. Ile siku niliporudi kutoka bandari, nilipita mbele yake bila kusalimia. Akasema:

"Trezo. Ulipaka rangi kwa Mama Feza."

"Ndiyo, Papa."

"Ulikuta nini nyuma?"

"Lati, Papa. Nzuri. Zimepangwa vizuri."

Papa akasema: "Mimi njo nilipiga zile mbao. Ninaweza kusahau chakula nilikula asubuhi. Kama nilipiga lati ao sikupiga, ile siwezi kusahau. Sikupiga. Bwana ya Mama Feza alikuwa na haraka, lati zilikuwa zimekwisha, ukuta ulikuwa mukavu, na ziwa lilikuwa kule mbali. Nikajiambia nitarudi kurekebisha. Sikurudi."

"Nilikuwa nakukinga, Papa."

"Unikinge na nani? Na Mama Feza?"

Nikakamata ufagio, nikaanza kufagia vumbi ya mbao.

"Juu ya nini ninaandika jina nyuma ya ubao?" akauliza. "Unafikiri iko urembo? Hakuna muntu anaona kule. Jina iko ya kumuambia fundi mwenye atakuja: ukikuta shida, mimi ninakaa pale, kuja uniulize. Wewe ulikuta shida na ulikuta jina. Haukuja. Ulipaka rangi juu ya vyote viwili." Akatafuta fimbo yake. "Mimi nilikosea kazi. Wewe ulidanganya mama wa watu ukiwa unakula samaki yake. Nipeleke."

Tulikwenda miguu, mukono wake ku bega yangu. Sitasahau ile njia. Mama Feza alikuwa anapepea mbabula. Papa Kalenga alimuambia yake, yote, bila kupunguza. Kisha akanisukuma na kidole ku mugongo. Nikasema yangu.

Mama Feza hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka kipepeo chini.

"Papa Kalenga alikosea siku moja," akasema. "Wewe, kila juma uliketi pale, ukaniangalia nikikohoa, ukaniambia iko inakauka."

Nilitoa lambri kesho yake. Nilimuita Zozo mwenyewe, juu kazi ya ukuta ni yake. Nyuma ya mbao ukuta ulikuwa kama mukate ulioanguka mu chai. Chumvi nyeupe imetoka, njia za muchwa zimepanda mupaka ku fremu ya mulango, na vumbi nyeusi, ile ya kuvu, inaruka kila ubao ukitoka. Zozo alijifunga kitambaa ku pua. Mimi sikujifunga. Nilikuwa na hasira, na muntu mwenye hasira anafikiri kitambaa ni ya waoga. Nilivuta ile vumbi siku tatu. Daktari anasema kifua hakiharibiwi na jikoni moja, ni miaka yote ya musasa na verni ya kung'arisha mbao. Inawezekana. Mimi bado ninashuku ile jikoni. Ninyi jifungeni kitambaa.

Ukuta tulikwangua mupaka ku tofali, tukauacha wazi ukauke, Mama Feza akapikia inje chini ya mabati muda wote ule. Kisha chokaa. Hakuna karo, hakuna rangi ya mafuta, hakuna lambri kule chini tena. Ukuta wa karibu na ziwa muuache upumue. Kama muntu wa chini anataka lambri kwa nguvu, mupige lati, muache kidole mbili wazi chini na kidole mbili juu, na muende kuangalia nyuma ya kila mvua. Ao mumukatalie. Mukiitwa kuamua kupaka ao kutoa, musisikilize mwenye nyumba, wala mupinzani wenu, wala roho yenu. Rayo. Ikitoka na tope, toeni.

Mbao nzima zilibaki chache. Zozo nilimupa zile za mulango wake, mimi mwenyewe nilimubebea. Kikohozi ya Mama Feza ilipungua mwezi wa pili, na watu wa bandari walirudi pole pole, wakilalamika kama kawaida, njo nikajua jikoni imepona.

Ule ubao wa kona Mama Feza hakutaka nichukue. Aliniambia nimufanyie etajere ya kuweka chumvi na pilipili, juu ya mbabula, na maandiko yaangalie mbele, yasifichwe. Mbele ya kuupigilia, Papa Kalenga aliomba kalamu. Nilimushika mukono. Chini ya jina yake aliandika, herufi zinapanda na kushuka: *bila lati, kosa langu.* Kisha Mama Feza akasema: "Na huyu?"

Nikaandika: *nilifunika.* Na jina yangu.

Uko pale hata leo. Watu wa bandari wakingoja samaki wanausoma kwa sauti, na wale wenye hawajui kusoma Mama Feza anawasomea, na anaongeza. Mimi nyuma ya mbao za watu mu muji huu niko na jina mahali mingi. Mukilikuta na tope, musinifichie. Njooni muniulize, ningali na pumzi ya kujibu.

Kula, bado ninakula pale. Ninaketi nikiupa ule ubao mugongo. Papa Kalenga, mwenye haoni hata mukono wake, kila mara anaomba wamugeuzie kiti auelekee.